Nyuni, Meno na Utosi: Tuyapambanue Maradhi ya Watoto

Katika miji yetu ya mwambao, tangu Vanga hadi Kiunga, hakuna mzazi asiyelijua neno nyuni. Mtoto huwa na homa, mara macho yakamgeuka, meno yakamkaza na viungo vikaanza kumtetema. Papo hapo husikia, "Kapitiwa na ndege!" Wazee wetu waliamini kwamba yuko ndege arukaye usiku, naye akimpitia mtoto basi humtia degedege.

Siandiki haya kuwacheka wazee. Waliona jambo la kutisha wakalipa jina. Walakini jina si tiba.

Matabibu hutueleza kwamba mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 aweza kushikwa na degedege kwa sababu ya homa tu, na aghalabu humwacha baada ya dakika chache bila ya kumdhuru. Lakini huku kwetu kwenye mbu, degedege laweza kuwa dalili ya malaria iliyopanda ubongoni, au ya homa ya uti wa mgongo. Hayo hayangoji, wala mama hawezi kuyapambanua kwa macho. Ndiyo sababu kila mtoto aliyeshikwa yapasa aonwe na daktari mara moja.

Na hapa ndipo panapozuka imani iliyo hatari kuliko zote: kwamba mtoto wa nyuni akipigwa sindano hufa. Nimeisikia barazani na nimeisikia matangani, na wasemao huapa kuwa wameona kwa macho yao. Siwakanushi. Lakini waliona nini? Mtoto alifukizwa siku ya kwanza, akaogeshwa mizizi siku ya pili, na siku ya tatu, hajitambui tena, ndipo akakimbizwa hospitali. Akapigwa sindano, akafa. Ikalaumiwa sindano iliyokuja mwisho, na zile siku mbili zisitajwe na mtu. Ilhali malaria kali dawa yake ndiyo hiyo sindano, kwani asiyejitambua hawezi kumeza kidonge.

Basi degedege likimshika mtoto, mlaze ubavu na umlegeze nguo. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimnyweshe kitu, hata kombe, mpaka azindukane, maana litampalia. Kisha shika njia.

Wako watakaoniuliza, "Je, na kisomo?" Mimi ni mtu wa chuoni, nimelelewa kwa kombe la zafarani. Msomee mtoto wako, lakini msomee njiani. Aya hazimzuii mtu kupanda matatu, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa.

Jambo la pili ni kuharisha. Mtoto akiharisha wakati wa kuota meno, husemwa, "Meno hayo, yataacha yenyewe." Meno hayaharishi. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu kinywani, na uchafu huingia kwa njia hiyo. Kinachoua hapo aghalabu ni kukaukiwa na maji mwilini. Mtoto hulia bila ya machozi, macho yakaingia ndani na utosi ukabonyea. Wengine huupaka utosi dawa kwa juu, nao utosi wataka maji, na maji hupitia kinywani. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya dawa ya ORS kidogo kidogo, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri tangu mwaka 2004. Akishindwa kunywa, au ukiona damu katika choo chake, usingoje kuche.

Neno langu la mwisho nawaelekezea akina bibi. Katika nyumba nyingi za kwetu mama mdogo hathubutu kumtoa mtoto mgonjwa nje bila ya ruhusa ya mkwewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi akisema "Mfukizeni," mtoto hufukizwa. Akisema "Mpelekeni," hupelekwa usiku huo huo, na huenda neno hilo moja likawa ndiyo uhai wa mjukuu wake.