Chuma, Makaa ya Mawe na Swali la Wanasemina wa Ujiji

Katika semina tunazoendesha Ujiji na Kigoma mjini, kila tunapofika kwenye somo la kujitegemea tunaulizwa swali lile lile. Nchi yetu inayo makaa ya mawe na inacho chuma. Wako watu waliotengeneza petroli na dizeli kutokana na makaa. Kwa nini basi mafuta ya maboti ya Kibirizi yasafirishwe zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam? Hapana budi tukiri kwamba tuliwahi kulijibu kwa wepesi, tukasema kizuizi ni mabeberu peke yao. Jibu lile lilipigiwa makofi, lakini halikuwa elimu.

Tuanze na jambo lenyewe. Makaa yakipashwa joto kali pamoja na mvuke wa maji na oksijeni kidogo hutoa gesi mbili kubwa, kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hizo zikiachwa hivi hivi haziungani kuwa mafuta. Katika miaka ya 1920, mjini Mülheim, Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch walionyesha kwamba zikipitishwa juu ya kichocheo cha metali chenye joto huungana na kuwa minyororo ya mafuta. Kichocheo ni kama mshenga: huwakutanisha wawili, ndoa ikafungwa, yeye asiwe bwana arusi wala bibi arusi. Lakini mshenga huyu huchoka. Salfa iliyomo katika makaa humtia sumu, kaboni humganda mwilini. Kwa hiyo gesi husafishwa kwanza, na baada ya muda kichocheo hubadilishwa.

Vichocheo vilivyoshika kazi viwandani ni viwili, kobalti na chuma. Kobalti hutaka haidrojeni nyingi, kama sehemu mbili kwa moja. Gesi ya makaa kwa kawaida haina kiasi hicho. Chuma, kwa upande wake, huweza kuichukua kaboni monoksaidi na maji na kuzalisha haidrojeni nyingine pale pale, ingawa hutoa pia hewa ya ukaa. Hutiwa potasiamu kidogo ili kirefushe minyororo. Katika joto la nyuzi 220 hadi 250 hutoa zaidi nta na dizeli. Likipanda kufikia 300 hadi 350, petroli huongezeka. Na chuma ni rahisi, hupatikana kila mahali.

Je, kobalti ilitoka wapi? Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa ufukweni. Mzalishaji mkubwa alikuwa Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, ng'ambo ya ziwa letu. Mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo ipite. Viwanda tisa vya Ujerumani vilitumia kobalti. Vita ilipokuja, na Kongo ikabaki upande wa Washirika baada ya Ubelgiji kutekwa mwaka 1940, kobalti iliadimika, na wataalamu wa Kijerumani wakaharakisha majaribio ya chuma. Vita ikaisha kabla chuma hakijachukua nafasi viwandani mwao.

Aliyekichukua ni Afrika Kusini. Sasol iliundwa mwaka 1950, na mafuta yakaanza kutoka Sasolburg mwaka 1955 kwa ufundi wa Wajerumani na Wamarekani. Nchi za Kiarabu zilipoinyima mafuta mwaka 1973, na Iran ikafuata mwaka 1979, makaburu waliongeza viwanda vikubwa Secunda. Wapigania uhuru walielewa maana yake: usiku wa tarehe 1 Juni 1980 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walivishambulia viwanda vya Sasol. Kichocheo kile kile hakiulizi kinamtumikia nani.

Sasa turudi kwenye swali. Secunda hula takriban tani milioni 40 za makaa kwa mwaka ili kutoa mapipa kama 150,000 kwa siku. Makaa ya Mchuchuma, Ludewa, yametajwa kuwa tani milioni 428. Kwa ukubwa huo yangekwisha kwa miaka 11 hivi. Kiwanda kidogo zaidi kingewezekana, lakini mitambo ya kusafisha gesi na kutenga oksijeni hugharimu sana hata ikiwa midogo, na kila pipa hulipa gharama hiyo. Chuma cha Liganga nacho kimechanganyika na titani na vanadi. Hakichotwi tu na kumiminwa kwenye mtambo. Tena Secunda ni miongoni mwa sehemu zinazotoa hewa ya ukaa nyingi kuliko zote duniani, na sisi tulioona ziwa likipanda hadi kumeza nyumba na magati hatuwezi kulipuuza hilo.

Ndugu mmoja alituuliza, basi tufanye nini na chuma chetu? Tulimjibu kwamba chuma kina kazi nyingi zilizo karibu zaidi: nondo, majembe, reli, mabati ya maboti. Alitikisa kichwa. Alisema petroli ya injini yake bado atailipa kesho asubuhi, na kwamba semina ijayo tumletee hesabu ya bei hiyo, kuanzia bandarini Dar es Salaam hadi Kibirizi, senti kwa senti. Tumekubali kuileta.