Fahamu: Kwa nini kibodi humeza herufi ukibonyeza vitufe vingi pamoja

Kwenye steshenari za Kyela mjini, Ipinda au Matema, anayechapa kwa kasi anaweza kukuta herufi imeruka. Vijana wawili wakicheza gemu la mpira kwa kibodi moja, mchezaji hukwama ghafla. Si lazima kitufe kiwe kimeharibika.

Chanzo ni nini?
Kibodi kubwa ina vitufe zaidi ya 100. Kukipa kila kimoja waya wake ni gharama, hivyo hupangwa kwenye gridi: mistari 8 na safu 16 hubeba hadi vitufe 128 kwa nyaya 24 tu.

Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja wa gridi hiyo, umeme huzunguka na cha nne huonekana kimebonyezwa ilhali hakijaguswa. Ili kuzuia herufi hewa, chipu hukataa kitufe cha tatu. Shift, Ctrl na Alt kwa kawaida hutengewa njia zake.

Ufanye nini?
Kibodi yenye diodi kwa kila kitufe huondoa tatizo hili, kwani diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Kabla ya kulipa, fungua Notepad, shikilia kwa pamoja herufi unazotumia, uone kama zote zinatokea.