Kishikwambi Kinajua Mdadisi Alikaa Muda Gani: Mfumo Upi Ununue?

Mdadisi mwenye dodoso la karatasi jioni hukurudishia majibu tu. Kama ukurasa wa mwisho aliujaza peke yake chini ya mwembe, hutajua. Kishikwambi kinajua. Taarifa hizo za namna majibu yalivyokusanywa Mick Couper alizipa jina la paradata mwaka 1998, na anayechagua mfumo wa kukusanyia majibu leo anazichagua nazo, hata kama hakuziulizia.

Mwenye bajeti finyu aanzie ODK au KoboToolbox. Ongeza mstari mmoja wa audit kwenye fomu, na simu ya Android itaandika muda uliotumika kwenye kila swali. Ukitaka, itaandika na mahali. Programu ni huria, ila seva ukiiweka mwenyewe utailipia. Utakachopata ni faili ghafi la CSV, na ujira wa mtu wa kulisoma kila jioni ndio ambao bajeti nyingi huusahau.

SurveyCTO ni ya kulipia. Hurekodi vipande vya sauti ya mahojiano na kukuonyesha maswali yaliyoharakishwa. Sauti inakula bando, na mhojiwa lazima aombwe ridhaa: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kwa utafiti wa wiki mbili mimi nisingelipa. Survey Solutions ya Benki ya Dunia ni ya bure na haiachi tukio bila kuliandika, lakini inataka seva na fundi wake. Inaifaa ofisi ya takwimu kuliko asasi ya watu watano.

Faida yenyewe haiko kwenye kumnasa mdadisi mvivu, ingawa mabosi hupenda hilo. Tuseme swali la matumizi ya chakula linamchukua kila mdadisi dakika 6. Hapo wadadisi hawana kosa, swali ndilo bovu. Ligawe kabla ya wiki ya pili. Au saa za ziara zinaonyesha kwamba asubuhi kaya nyingi ziko shambani na jioni zimerudi. Sogeza ratiba, uokoe nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu.

Kabla ya kutoa hela, jaza fomu moja mwenyewe, ukiparamia maswali makusudi. Kisha mpe msimamizi wako matokeo bila kumwambia lolote, uone kama atakugundua.