Fahamu marama, mmea wa Kalahari unaoliwa mbegu na mizizi

Ukame unapozidi kusini mwa Afrika, watafiti wanaugeukia mmea wa marama, jamii ya maharage unaojiotea wenyewe katika mchanga wa Kalahari, Botswana na Namibia.

Mashina yake hutambaa. Chini ya ardhi kuna kiazi kinachohifadhi maji. Kiazi kichanga, cha takriban kilo moja, huchemshwa au kuchomwa. Kikizeeka huwa na nyuzi na uchungu. Mbegu hukaangwa, kisha ganda gumu hupasuliwa. Ladha yake inakaribia ya korosho. Zina protini asilimia 30 au zaidi, na mafuta mengi.

Ukitaka kuupanda, chagua udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Uwe na subira pia: huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.