Damu ya Kikwit, karatasi za ng'ambo: sababu gani staji ya Geneva inawahusu vijana wa Kivu

Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi huko Kikwit. Mmoja kati ya waliopona alitoa damu yake miaka 11 baadaye, na kutokana na damu hiyo watafiti wa INRB ya Kinshasa, wa Marekani na wa Uswisi walipata dawa mAb114. Wakaaji wa Beni, Butembo na Mangina wanaifahamu: ilijaribiwa kwao kati ya 2018 na 2019, pamoja na dawa zingine tatu, kwa wagonjwa 681. Ilikuwa moja ya zile mbili zilizookoa watu wengi zaidi.

Lakini ruhusa ya kuitengeneza na kuiuza ilitolewa na NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, kwa kampuni Ridgeback Biotherapeutics ya Miami. Desemba 2020 dawa ikakubaliwa Marekani kwa jina la Ebanga. Kongo ilitoa damu, wagonjwa na waganga. Karatasi ziliandikwa kwingine.

Kusoma na kujadili karatasi za namna hiyo ndiyo kazi inayofunzwa katika staji ya OMPI, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia haki za wavumbuzi na watunzi. Liko Geneva, na linapokea wanafunzi wa universite pamoja na waliomaliza. Posho iko. Kifaransa ni moja ya lugha sita za shirika, lakini asiyejua Kiingereza atapata shida. Stajiere analinganisha sheria za inchi mbalimbali, anatayarisha maandishi ya mikutano, anaketi nyuma ya ukumbi na kuandika kila inchi imesema nini. Kazi ya kuchosha, kusema kweli, lakini ni pale mutu anaona namna neno moja linaweza kugombaniwa miaka.

Mfano ni mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka 20. Anayeomba breve kwa uvumbuzi uliotegemea mimea, wanyama au vijidudu atapaswa kutaja vilitoka inchi gani. Ili uanze kutumika, unahitaji kuridhiwa na inchi 15. Kwa Kivu hilo si jambo la mbali: magamba ya muti Prunus africana yanakatwa katika misitu yetu na kwenda Ulaya kutengenezwa dawa za prostati.

Kinshasa ni mwanachama wa OMPI tangu 1975. Hata hivyo, sheria ya breve ni ya Januari 1982, na ile ya haki za watunzi ni ya Aprili 1986, zote za wakati wa Zaire. Kongo haimo katika OAPI wala ARIPO, yale mashirika mawili ya Afrika yanayoandikisha uvumbuzi kwa pamoja. Avoka wanaojua mambo haya wangepata kazi nyingi.

Anayetaka kujaribu bila kupanda ndege anaweza kuanza na somo DL-101 la Akademi ya OMPI, la bure, kwa Kifaransa. Atalipa megabaiti tu.

Na akisoma mkataba wa 2024 vizuri, atakuta kwamba vitu vya mwili wa binadamu havimo. Damu ya Kikwit ingebaki nje. Hatima ya damu ya namna hiyo inategemea karatasi ambayo hospitali na watafiti wanatia sahihi kabla chupa haijaondoka.