Damu Yako, Damu ya Jirani: Kweli au Si Kweli?

"Ndugu ndiye atakayekufaa kwa damu."

Si kweli. Daktari akisema mgonjwa aongezewe damu, simu za kwanza huenda kwa wa tumbo moja. Lakini baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kupata watoto wanne, kila mmoja na kundi lake: A, B, AB na O. Kaka wa kundi A hawezi kumpa mdogo wake wa kundi B, huku abiria waliyebanana naye kwenye daladala bila kujuana hata majina akaweza. Tangu Karl Landsteiner atangaze ugunduzi wa makundi ya damu mwaka 1901, hakuna lililopatikana kuwa mali ya dini fulani.

"Damu ya mweusi si sawa na ya mweupe."

Si kweli, na uongo huu uliwahi kuwa sera. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliikataa kwanza damu ya Weusi. Kuanzia 1942 ukaipokea, lakini ukaitenga. Charles Drew, daktari Mweusi, ndiye aliyekuwa ameongoza ukusanyaji wa plazma kwa ajili ya Uingereza mwaka 1940, naye alipinga utengano huo kwa kuwa haukuwa na msingi wa kisayansi. Ulidumu hadi 1950. Majeruhi anavuja damu, na kuna mtu aliyeona ni muhimu kujua rangi ya aliyeitoa! Hilo linaniuma hadi leo.

"Basi damu haina tofauti yoyote kati ya watu wa mabara."

Hapana, zipo. Kati ya watu 100 wenye asili ya Ulaya, takriban 15 wana Rh hasi, yaani chembe nyekundu za damu yao hazina protini iitwayo RhD; Afrika ni wachache zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa Rh hasi pale Mwanza huenda akaokolewa na mgeni kutoka ng'ambo.

"Maafa yakitokea, kila mtu huwaangalia wa kwao."

Si kweli. Septemba 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, wakazi wa Nairobi walipanga foleni ndefu kuchangia damu, Wakristo, Waislamu na Wahindu, bila kujua itamfikia nani.

Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Nenda wiki hii, kabla hujapigiwa simu.