Je, Wajua? Kengele ya Shule Inaweza Kuuma

Je, wajua kwamba mlio wa kengele ya shule unaweza kumuuma mwanafunzi, kumuuma hasa? Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo nchini Marekani aliyezaliwa mwaka 1947, ni mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani. Ameeleza kwamba utotoni kengele ya shule ilimuumiza masikio kama keekee ya daktari wa meno inapogusa neva. Sasa tazama shule zetu nyingi: kengele ni ringi kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini, mwanafunzi wa zamu anaigonga kwa kipande cha nondo, na dirisha la darasa la kwanza liko hatua chache tu. Mtoto mwenye usonji aliyeketi kando ya dirisha hilo hupokea mlio ule mara kadhaa kwa siku, na kila mara humfika ghafla.

Usikivu wa namna hii si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1925 daktari Grunya Sukhareva wa Moscow aliandika juu ya wavulana sita ambao leo tungesema wana usonji, na miongoni mwa aliyoyaona ni jinsi walivyosumbuliwa na kelele na harufu. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akachapisha makala yake maarufu kuhusu watoto 11. Kati ya vitu alivyovitaja kuwa viliwatia watoto hao hofu kuu mna lifti, mashine ya kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, kipigio cha mayai, hata upepo. Pamoja na ushahidi huo, ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani ulipotaja suala la hisi kuwa mojawapo ya vigezo vya usonji. Miaka 70 mizima tangu makala ya Kanner. Muda wote huo mtoto aliyeziba masikio darasani alihesabiwa mkaidi, na katika madarasa mengi bado anahesabiwa hivyo.

Milango ya fahamu tuliyofundishwa shuleni ni mitano. Wataalamu wa tiba kazi huongeza mitatu: hisi ya usawa wa mwili, ambayo kiungo chake kimo ndani ya sikio, hisi ya misuli na maungio, inayotujulisha mkono uko wapi hata tukifumba macho, na hisi ya ndani, inayotuambia tuna njaa, kiu au haja. Mwanafunzi mwenye usonji anaweza kuhisi mno kwa mlango mmoja na kuhisi kidogo sana kwa mwingine. Ndiyo maana yule yule anayelia kwa sababu ya lebo ya shati anaweza kuanguka, akachubuka goti, asiseme lolote. Anaweza pia kukaa asubuhi nzima bila kutambua kwamba ana kiu. Mwalimu asiyelijua hili huona mambo mawili yanayopingana, akakata shauri kwamba mtoto anaigiza.

Ndani ya ubongo kunatokea nini? Mwaka 2015 Shulamite Green na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wao juu ya vijana wenye usonji na wasio nao. Waliwalaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha kelele huku wakiwapangusa mkononi kwa kitambaa cha sufu kinachowasha. Kwa vijana wasio na usonji, ubongo ulizoea upesi na kupunguza mwitikio. Kwa wale wenye usonji waliokuwa wepesi wa kuzidiwa, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari, iliendelea kuitikia vilevile kero iliporudiwa. Kwa hiyo neno “utazoea tu”, ambalo watu wazima hulitoa kwa nia njema kabisa, huenda lisitimie kwa mtoto huyu.

Jambo hilihili lina upande wake wa pili, nao haupati kusimuliwa vya kutosha. Mwaka 2017 Anna Remington na Jana Fairnie wa University College London waliwapa watu wazima kazi ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa. Katikati ya rekodi hiyo anapita mtu akisema na kurudia kwamba yeye ni sokwe. Karibu nusu ya wasikilizaji wenye usonji walimsikia. Kwa wasio na usonji alisikiwa na mmoja hivi kati ya wanane. Masikio yale yanayozidiwa mstarini ndiyo yanayoweza kunasa noti iliyopotoka kwenye kwaya, au mlio usio wa kawaida kwenye injini. Mtoto anapokea zaidi yetu. Shule inapomjazia kila kitu kwa wakati mmoja, ndipo anapozidiwa.

Chukua mwanga kwanza. Taa za tyubu za zamani, zile zenye choki na starta, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa mizunguko 50 tunaoutumia Afrika Mashariki. Wengi wetu hatuoni chochote. Baadhi ya watu wenye usonji husema wanaona mtetemo huo, na wanasikia choki ikivuma. Dirisha lililo wazi ni bora kuliko taa hiyo, tena halina gharama.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35, ili sauti ya mwalimu isikike vizuri. Mwalimu anayezungumza kwa kawaida hufikia kama desibeli 60. Lakini mvua ya masika ikianza juu ya bati lisilo na dari, mwalimu huacha kufundisha, watoto wakaanza kupiga gumzo kwa kelele ili wasikilizane, na kelele hiyo ikapanda juu ya ile ya mvua. Kuta za saruji tupu na sakafu tupu huirudisha sauti badala ya kuimeza. Vitambaa, mikeka, maboksi ya mayai na pazia zito haviizuii mvua, lakini hupunguza mwangwi. Kipande cha mpira wa ndara kikigongomewa chini ya kila mguu wa dawati nacho hufuta ule ukwaruzaji wa mbao juu ya saruji wakati darasa zima linaposimama kumwamkia mgeni.

Kuna sare pia. Sweta la sufu linalowasha, tai, soksi zenye mshono vidoleni, kola iliyotiwa wanga. Kuna moshi wa jiko la shule na harufu ya vyoo upepo unapogeuka. Mtu mmoja hushinda na hivi vyote bila kuvitambua. Mwingine hutumia nusu ya nguvu za ubongo wake kuvivumilia, kisha anaulizwa kwa nini hakumaliza hesabu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo viboko huingia. Kuzidiwa na hisi si deko. Mtoto anayedeka ana anachokitaka: hutupia jicho kuona kama anatazamwa, na akipewa pipi hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa hana anachodai isipokuwa mambo yapungue. Hata ukimpa anachokipenda kuliko vyote, hakipokei. Wengine hupiga kelele, hujiuma mkono, hugonga kichwa ukutani au hutoka mbio bila kutazama barabara. Wengine hufanya kinyume: hunyamaza kabisa, huinamia dawati, macho wazi lakini jina wakiitwa hawaitiki. Hawa wa pili ndio husahaulika, maana hawamsumbui mtu. Na wako wanaozungumza vizuri siku zote ambao maneno huwakatika wakizidiwa, hivyo kumshikilia mtoto kama huyo bega na kumwamuru “sema una nini!” ni kumdai kitu ambacho kwa dakika hiyo hana.

Ishara huja mapema, kwa anayezijua. Mtoto huanza kuvuma kwa sauti ya chini, kuyumba mbele na nyuma, kurudia swali lilelile, kusugua kidole kwenye mshono wa kaptula, kuvuta kola, kutazama mlango. Kuyumba na kupungapunga mikono ni njia yake ya kujituliza, na ukimkataza umemnyang'anya breki aliyokuwa nayo. Mwalimu akiiona ishara na kumtuma kupeleka daftari ofisini, mara nyingi ameokoa kipindi kizima. Mambo yakishachacha, fanya machache: punguza maneno, waondoe watazamaji, zima kinachopiga kelele, mwache awe na nafasi, usimguse bila kumjulisha isipokuwa yuko hatarini. Kisha ngoja. Kutulia kabisa kunaweza kuchukua dakika nyingi, pengine saa, na somo la hesabu halitaingia kabla ya hapo.

Je, wajua kwamba kubanwa kunaweza kutuliza? Temple Grandin akiwa kijana alikwenda kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, akaona ng'ombe waliobanwa pande mbili wakati wa kuchanjwa wakitulia. Alipokuwa na miaka 18 akajiundia mashine ya mbao ya kujibana, yeye mwenyewe akidhibiti mbano. Mwanasaikolojia wa shule alitaka mashine hiyo iondolewe. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, akamwambia achunguze kisayansi ni kwa nini inamtuliza. Swali hilo lilimtia ari ya kusoma, na hatimaye akawa profesa. Kwangu mimi, mwalimu huyo anastahili kusimuliwa katika kila chuo cha ualimu.

Kwa msingi huohuo wa hisi ya misuli, wataalamu wa tiba kazi huwapa watoto wengine kazi nzito kidogo kabla ya kipindi kigumu: kusukuma madawati, kubeba rundo la vitabu, kuchota maji kwa dumu dogo. Shule zetu zina kazi hizi tele. Sharti ni moja, zisiwe adhabu.

Vifunika masikio vya mafundi, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, huweza kupunguza kelele kwa desibeli 20 hadi 30. Vinafaa mstarini, wakati wa bendi, wakati wa mvua. Visivaliwe siku nzima, kwa sababu masikio yakizoeshwa ukimya mno huzidi kuwa mepesi. Naye mwalimu awaeleze wanafunzi wengine mapema ni vya nini, kabla dhihaka haijaanza.

Kuhusu majengo, Afrika ina jambo la kuwafundisha wengine. Magda Mostafa, msanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo, alichapisha mwaka 2008 utafiti uliofanywa kwa watoto wenye usonji nchini Misri. Chumba kilipopunguziwa kelele, watoto walikaa kwenye kazi yao kwa muda mrefu zaidi. Baadaye aliunda vigezo saba vya kusanifu majengo kwa ajili ya watu wenye usonji. Kimojawapo ni kwamba pawepo mahali padogo pa kukimbilia, pasipo vichocheo vya macho wala masikio. Pembe ya darasa yenye mkeka, iliyokingwa kwa kabati la vitabu, inatosha kuanzia. Hata viwanja vya mpira vimeelewa: klabu ya Sunderland huko Uingereza ilifungua chumba tulivu uwanjani kwake mwaka 2015 baada ya wazazi kuomba, na Arsenal wakafuata mwaka 2017, ili mtoto mwenye usonji aone mechi kupitia kioo bila kuzamishwa na kelele za mashabiki.

Nyumbani kuna fumbo linalowachanganya wazazi. Mwalimu anasema mtoto ni mpole, hana shida. Akifika nyumbani anatupa begi, anapiga mlango teke, analia hadi magharibi. Mama anaulizwa anamlea vipi. Mara nyingi mtoto huyo amejizuia tangu asubuhi asionekane tofauti na wenzake, na nyumbani ndipo mahali pa kwanza pa salama pa kujiachia. Mpeni saa moja ya ukimya kabla ya maswali na kazi za shule. Na mwalimu akiambiwa na mzazi kwamba jioni ni ngumu, asiseme “kwangu yuko sawa”.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 1,000 ingekuwa nao saba au wanane, wengi wao bila cheti chochote cha daktari. Vitengo maalumu vipo, kama kile cha City Primary School jijini Nairobi kilichoanza mwaka 2003 kwa jitihada za wazazi wa Autism Society of Kenya, au kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam. Lakini watoto wengi hawako huko. Wako katika madarasa ya kawaida, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka wafanyiwe marekebisho yanayofaa hukohuko waliko.

Mwalimu, Jumatatu ukiingia darasani anza na dogo. Mhamishe mtoto huyo kutoka dirisha la kengele. Kata kadi kutoka kwenye boksi la chaki, ichore mlango, umpe, na mpatane kwamba akiinyanyua anaruhusiwa kutoka nje kwa dakika tano bila kueleza sababu, mahali ambapo unaweza kumwona. Na akiinyanyua katikati ya somo lako zuri kuliko yote, mwache atoke.